Hazina ya Wasiotupenda

Ludivina Cadalin, muuza budbud, vile vitafunio vya wali wa kunata vinavyofungwa kwa majani ya mgomba, katika soko la Dumaguete, Ufilipino, hajawahi kuanza jambo akaliachia njiani, isipokuwa mume, na huyo alistahili. Sasa mtu wa namna hiyo ukimpeleka kwenye jaribio la kukata tamaa, umeyataka mwenyewe.

Aliyeyataka ni Rhodalyn, mtoto wake wa ubatizo, aliyekuwa anasoma saikolojia na kubakiza utafiti mmoja tu ahitimu.

"Nang Luding, nitafutie watu wa kunifanyia jaribio," alisema, akimwita Nang kama mwanamke mkubwa aitwavyo kwa heshima, akipuliza kikombe cha chokoleti ya moto pale kibandani. "Wawe wa kawaida tu."

"Kwani Day, binti yangu, umewahi kuniona na watu wa ajabu?"

Luding akazoa binamu, majirani na kwaya nzima ya kanisa, akawapanga kwenye ukumbi wa chuo. Rhodalyn alipogeuka tu, akawanong'oneza, "Mtoto wetu anataka kuhitimu. Atakayemtia aibu, budbud zangu atazisikia harufu tu."

Kila mmoja akaingizwa kwenye kijichumba chake, akapewa karatasi yenye mchoro wa mistari. Aufuatishe wote kwa kalamu bila kuinua mkono wala kupita mstari mmoja mara mbili. Nusu yao waliambiwa mchoro ni rahisi, nusu wakaambiwa ni mgumu, na Rhodalyn alitaka kuona ni akina nani watakaochoka mapema. Asichowaambia ni kwamba mchoro wenyewe haukuwa na jibu.

"Unaweza kuacha wakati wowote, Nang," alisema kwa upole. "Hakuna wa kukulaumu."

Lo! Kwao pale, mwenye nyumba akikuambia waweza kuondoka ukichoka, ndipo unapovuta kiti ukae vizuri. Luding akachora. Akaomba karatasi nyingine, na nyingine tena. Mchana ukapita.

"Nang, hujachoka?"

"Nichoke kwani nimebeba gunia?"

Kwenye kijichumba cha pili binamu yake alikuwa amefika katikati ya rozari, kalamu mkononi. Giza lilipoingia, mlinzi akaja na funguo zake, na Rhodalyn ikabidi awanyang'anye karatasi mmoja mmoja.

Mwalimu wake, Bibi Aranas, alipoyaona matokeo alishusha miwani. "Hakuna aliyeacha. Sasa utapima nini? Hawa hawakuwa na habari na mchoro, walikuwa wanakusaidia wewe. Rudia. Tafuta watu wasiokujali. Mwezi ukiisha hujamaliza, utahitimu na wadogo zako."

Rhodalyn akawaita watu wake, akawaeleza ukweli, maana utafiti una sheria zake.

"Hauna jibu?" Luding alisimama, kiti kikaanguka. "Nimekosa misa ya jioni kwa kitu kisicho na jibu? Mimi niliyekubeba siku ya ubatizo ukanikojolea!"

"Ningewaambia mapema, jaribio lingeharibika, Nang."

"Na sasa?"

"Limeharibika vilevile." Machozi yakamtoka.

Luding akamtazama, hasira zote zikamwishia. "Haya, futa kamasi. Unataka watu wasiotupenda? Soko zima ninayo hazina yao."

"Lakini siri usiitoe, Nang. Mpaka mtu wa mwisho amalize."

Hapo ndipo mzigo ulipokuwa. Luding huwa anatangaza ujauzito wa watu kabla wenyewe hawajajua.

Kesho yake akaenda kwenye meza ya samaki ya Carping, mwanamke waliyenuniana tangu maji machafu ya samaki yalipotiririkia majani ya mgomba ya Luding.

"Leo umepotea njia?" Carping aliuliza, kisu juu.

"Kuna jaribio chuoni. Ukitaka nenda, usipotaka kaa."

"La bintiyo yule? Hata akifeli mimi silali njaa."

"Wewe ndiye tunayekutafuta," Luding akajibu, na kwa mara ya kwanza alimaanisha.

Carping alienda. Maji ya kahawa hayajachemka, katoka nje akipangusa mikono, na kumkuta Luding amekaa barazani na wauza mboga waliokuwa wakisubiri zamu.

"Upuuzi mtupu!" akasema kwa sauti. "Nasikia wewe ulikaa na kale kamchoro kutwa nzima. Kichwa chako na hizo budbud zako, vyote vimejaa wali!"

Wauza mboga wakaangua kicheko. Neno lilimfika Luding mpaka kwenye meno. Lakini wale wanaocheka hawajaingia bado, na akifungua mdomo, Rhodalyn atabaki chuoni. Akameza. Akaomba maji, akameza tena.

Juma zima soko lilimwita Bibi Mchoro. Safari hii walioambiwa mchoro ni rahisi ndio waliokuwa wa kwanza kuutupa, kwa hasira, na Rhodalyn akafaulu. Akawaandikia washiriki ukweli wote, na barua ya Carping akampa Luding aipeleke.

Luding alitembea kama bibi harusi. Alifika mezani akamkuta Carping ameinama juu ya karatasi ya kufungia samaki, penseli mkononi, amechora mchoro uleule wa chuoni, amefuta, amechora tena, na wateja wamepanga mstari wananung'unika.

"Usiseme kitu!" Carping alifoka bila kuinua kichwa. "Umebaki mstari mmoja tu."

Luding akaisukuma barua ndani kabisa ya mfuko wa aproni.

"Endelea tu, mwenzangu," akasema kwa upole. "Unaweza kuacha wakati wowote."