Maana ya Tatu

Baba yangu alikuwa mkalimani wa hospitali, na wauguzi walimwita Kamusi. Jina lilimkaa sawasawa. Ukimwuliza saa ngapi, atakueleza kwanza neno "saa" limetoka lugha gani. Kwa miaka ishirini na sita aliwageuzia wagonjwa Kiingereza cha madaktari wageni, na alijivunia kwamba hajawahi kumpunguzia mtu neno wala kumwongezea. "Mimi bomba tu," alikuwa akisema. "Maji yaingiavyo ndivyo yatokavyo."

Siku moja mgonjwa alikuwa dada yake, shangazi yangu mshona mapazia, mwanamke asiyemeza neno. Mimi nilikaa pembeni nimeshika mkoba wake. Kabla daktari hajaingia alimwambia Baba, "Kaka, usinifiche. Kama ndiyo mwisho, nimwite mwanangu tuonane. Kama siyo, nisimwachishe kazi bure."

Mwanawe huyo, binamu yangu, alikuwa fundi mgodini, safari ya siku mbili.

Daktari akatazama picha za tumbo lake, akasema ini ni involved. Neno hilo lina maana tatu. Baba alinieleza baada ya mazishi, hata sikumwuliza. Ya kwanza, jambo lenye mafundo mengi, linalotatiza. Ya pili, mtu anayehusika na jambo. Ya tatu ni ya madaktari wa saratani: ugonjwa umeshafika hapo.

Sikuwahi kumwona Baba akitafuta neno kabla ya siku hiyo. Kisha akasema, "Dada, anasema ini lako lina utata kidogo."

Shangazi akacheka. "Ini limerithi tabia yangu! Si utata tu? Utatatuliwa. Uzi ukijisokota kwenye cherehani mimi huufungua kwa meno."

"Utatatuliwa," Baba akajibu. Nilimkasirikia mwaka mzima kwa neno hilo moja, maana daktari hakulisema kwa lugha yoyote.

Basi Shangazi hakumwita mwanawe. Kila alipopiga simu, binamu aliambiwa mama yuko salama, kuna utata mdogo tu. Wiki ya tano, Jumanne asubuhi, Shangazi alifariki, pazia la mteja likiwa nusu kwenye cherehani. Binamu alifika tumeshazika.

Kesho yake alikwenda kumwona daktari, kisha akaja kwetu na barua ya hospitali. Akaweka kidole juu ya neno involved.

"Mjomba, neno hili hukulijua?"

Ningekuwa mimi ningedanganya. Baba alisema, "Nililijua, mjomba. Ulimi ulikataa. Alikuwa dada yangu."

Nilidhani binamu atafoka. Aliikunja barua taratibu, akaitia mfukoni.

"Basi ungeniambia mimi," alisema. "Ningekuja kumsalimia tu. Mama asingejua nimefuata nini."

Njia hiyo haikuwa imempitia Baba kichwani hata siku moja.