Nafasi ya Babu Darasani

Usiku ule nililala nimenuna, uso ukutani, kwa sababu Baba alikuwa amenikataza kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutotolesha vifaranga kwa Mama Ritha, mwanamke mwenye mashine kubwa nyuma ya nyumba yake kule njia panda. Alikuwa amenikuta dukani nikibishana na muuza dawa za mifugo juu ya chanjo ya kideri ya kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimesomea. Nikasema ndiyo, ufugaji, chuo kikuu. Hakuuliza nilipata ngapi. Alisema nifike kwake Jumatatu saa mbili asubuhi, na nisipofika atamchukua mwingine. Usiku ule ulikuwa wa kuamkia hiyo Jumatatu.

"Mjukuu wa Mzee Elinami hawezi kuokota mayai ya watu," Baba alikuwa amesema, akaendelea na taarifa ya habari.

Hapa inabidi nieleze ukoo wetu, ingawa si ukoo wa kujivunia. Kila Desemba tunapanda mlimani kwa Krismasi, na mbuzi akishaliwa hufanyika kikao. Kila mtu anasimama mbele ya wenzake na kujibu swali moja: mwaka huu umefanya nini. Ni desturi nzuri, sikatai. Wasomi wa kwetu ndio walioiharibu. Wao wakisimama wanataja GPA, wastani wa alama zao za chuo. Binamu yangu Deo alimaliza chuo zamani kwa daraja la juu, na mpaka leo husimama na tai shingoni kurudia namba ile ile, sisi tunapiga makofi, halafu anaketi na kumwomba shangazi vocha. Mimi nilipata mbili nukta tisa. Desemba tatu mfululizo nimesimama kueleza kwa nini: mhadhiri wa takwimu alikuwa na kisirani na mimi, nikaugua malaria wiki ya mitihani, na mengine ya namna hiyo. Wananisikiliza huku wanatafuna. Baba mkubwa hutikisa kichwa kwa huruma, na huruma yake inanitia kichefuchefu kuliko matusi.

Wote tunapimwa kwa Babu, marehemu Mzee Elinami. Babu alikuwa wa kwanza shule ya misheni. Wa kwanza kila muhula, wa kwanza mpaka mwalimu Mzungu akatoa machozi siku anamaliza. Hadithi hiyo tumelishwa pamoja na uji, na mtoto yeyote wa kwetu anaweza kuisimulia hata akiwa usingizini.

Basi nikalala, na nikajikuta kikaoni.

Viti ni vile vile vya plastiki, vya bluu, vimepangwa uani kwa Babu. Shangazi yupo, Baba mkubwa yupo, Baba yupo. Mbuzi hajachinjwa. Amesimama katikati yetu anatafuna tai ya Deo, naye Deo ameinama kidogo ili asimsumbue. Kwenye kiti cha mwenyekiti ameketi Babu, na koti la kijivu tulilomzika nalo. Nilijua amekufa. Udongo nilimtupia mwenyewe kwa mkono huu. Wala sikuogopa, niliona tu vibaya kwamba koti halijapigwa pasi.

Deo akasimama, akataja namba yake. Babu alimtazama jinsi mtu anavyotazama mvua inayonyesha kwa jirani, kisha akageuka upande wangu.

Ninasimama. Kanga yangu imelowa, sijui imelowea wapi. "Babu," ninaanza, "yule mhadhiri wa takwimu..."

"Nimekuuliza unafanya nini," anasema. "Sikukuuliza ulipata nini."

Nageuka kwa Baba anisaidie, Baba anaangalia viatu vyake.

"Miaka mitatu unatusimulia mtihani," Babu anasema. "Hata sisi tuliokufa tumechoka."

Watu wakacheka, na Baba mkubwa akacheka kuliko wote. Niliwachukia. Niliwaona jinsi walivyo, kundi la watu wazima waliovaa nguo za sikukuu na kukalia viti vya kukodi, wakilinganisha namba walizopewa walipokuwa vijana. Nilitaka kuyasema hayo, lakini uani hakuna mtu tena. Hata ua wenyewe haupo.

Niko darasani. Kuta ni za mawe, madirisha madogo, na kuna harufu ya chaki na miguu ya watoto. Wavulana wa kaptula za kaki wamebanana kwenye madawati. Katikati yao kuna Babu, na uso wake wa uzeeni, mvi na yote, magoti yakigonga dawati kwa sababu amekuwa mkubwa mno kwa mahali pale. Ananiona, hanisalimii. Mbele kuna mwalimu nisiyemwona sura, anasoma matokeo kuanzia wa kwanza.

Nimejiandaa. Nimeinua kidevu kwa kiburi cha ukoo mzima, nasubiri jina letu. Anasomwa wa kwanza, ni mtoto wa watu wengine. Anasomwa wa pili. Nafikiri nimesikia vibaya. Majina yanaendelea, wavulana wanasimama na kuketi, na kidevu changu kinashuka chenyewe. Jina la Babu lilipotajwa, walikuwa wamepita wengi na walikuwa wamebaki wengi. Hakuna aliyempigia makofi na hakuna aliyemcheka. Akasimama, akaketi, mwalimu akaendelea na jina linalofuata.

"Babu," nikasema, "hukuwa wa kwanza?"

"Nilifika nyumbani, mama yangu akaniuliza," anasema. Anazungumza polepole na kuchezesha kidole kwenye shimo la wino la dawati. "Hakujua kusoma. Nikasema wa kwanza. Akachinja jogoo."

"Na muhula uliofuata?"

"Ningemwambia nini, na jogoo ameshaliwa?"

Nilimdharau pale pale. Nasema wazi, nilimdharau babu yangu marehemu, na nikawadharau zaidi wote waliokula ile hadithi baada yake na kutulisha sisi. Nilikumbuka malaria yangu, kisirani cha mhadhiri, na jinsi nilivyokuwa nikitetemeka kila Desemba mbele ya kipimo ambacho hakikuwepo. Nikamwambia, "Umetutesa." Hakukana. Alitoka kwenye dawati kwa shida, akashika ufagio uliokuwa pembeni, akaanza kufagia.

Na anachofagia ni maganda ya kahawa. Tuko kiwandani, mashine za kukoboa zinanguruma, vumbi limejaa hewani. Kwetu husemwa Babu alikuwa meneja wa kiwanda. Hakuna anayesema alianza vipi, maana mtu aliyekuwa wa kwanza kila muhula hawezi kuanza na ufagio. Lakini namwona anafagia. Anafagia mpaka chini ya mashine, anainama kuchungulia, fundi anamfukuza, kesho yake anachungulia tena. Halafu yeye ndiye fundi, mikono imejaa grisi, anasikiliza mashine kwa kuielekezea sikio. Halafu ana funguo kiunoni na watu wanamwamkia. Sikuona lini kimoja kilibadilika kikawa kingine. Uso wake ni ule ule muda wote, wa mtu asiyefurahi wala kulalamika.

"Hapa palinijengea nyumba," anasema. "Hapa hakuna aliyeniuliza nilikuwa wa ngapi."

"Mbona kikaoni hukusema?"

"Wewe ungeacha kupigiwa makofi?"

Akanikaribia, na kwa mara ya kwanza nikasikia ubaridi wake. Nilidhani atanishika kichwa kunibariki, kama wanavyofanya wazee ndotoni kwa watu wengine. Akanusa hewa, akakunja pua.

"Unanuka maelezo," anasema. "Acha kujieleza. Na mwambie baba yako nafasi yangu darasani."

Nikaamka. Shingo ilikuwa imekakamaa na nje kumepambazuka. Niliketi kitandani kidogo nikingoja hasira ipungue, haikupungua, nikaenda nayo jikoni.

Baba alikuwa mezani anakunywa chai. Nilimwamkia, nikachukua sufuria nibandike uji, kisha nikamsimulia ndoto yote, darasa, jogoo, ufagio, bila kuipunguzia makali. Nilitegemea anikemee kwa kumtukana marehemu. Hakunikemea. Alikoroga chai ambayo huwa haiwekei sukari.

"Alikwambia alikuwa wa ngapi?" akauliza.

"Hapo katikati tu. Sikuhesabu."

"Wa kumi na tisa," Baba akasema. "Bibi yako aliniambia kabla hajafa."

Nilisimama na sufuria mkononi. Nimempenda baba yangu maisha yangu yote, na asubuhi ile nilimdharau mpaka nikasikia ladha ya dharau mdomoni. Mtu mzima huyu alijua. Alikaa kwenye vikao vile vyote akijua, akaniacha nisimame mbele ya Deo na Baba mkubwa kuomba msamaha kwa ajili ya mbili nukta tisa yangu.

"Ulijua, na jana ukanikataza," nikasema.

"Watu wangesema nini, Manka?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hilo jambo usilitaje kikaoni, tafadhali. Shangazi yako litamwua."

"Sitalitaja. Mimi Desemba nikiulizwa nimefanya nini, nitasema natotolesha vifaranga. Halafu nitakaa chini. Ninyi endeleeni na Deo wenu."

Niliweka sufuria chini, nikachukua viatu vyangu vya mpira nyuma ya mlango na kuanza kuvivaa. Sikuwa nimemwomba ruhusa, na nilijua kabisa kwamba akikataa tena nitaondoka hivyo hivyo. Nikawa ninahangaika na kiatu kimoja kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

"Huyo mama alisema saa ngapi?" Baba akauliza.

"Saa mbili."

"Sasa unangoja nini hapa?" akasema, na macho hakuyainua kutoka kwenye kikombe.