Zamu ya Gertruda

Gertruda wa Maguu ana mdomo, na wala hafichi. Amelima ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, na mumewe, Romanus, tangu waoane: mwanamume anafyeka majani na kuyapanga miraba, mwanamke anachimba katikati ya miraba na kuyafukia kwa udongo. Mwanamke akishashika jembe, mwanamume hana neno tena, anapisha. Gertruda anaipenda sana sheria hiyo.

Romanus alipougua mapafu akalazwa chumba cha mahututi, akawekewa mashine ya kupumulia na kuchomwa dawa ya usingizi ili aivumilie. Mashine ikatolewa, akili haikurudi. Romanus alimwita mkewe "wewe muuza dagaa" na kumwambia aende zake, leo hanunui. Kila alipotaka kushuka kitandani alichomwa tena, akalala, akaamka amepotea zaidi.

Mdogo wa Romanus, Wendelin, akataka sindano iongezwe. "Anatutia aibu," alisema, kana kwamba wagonjwa wengine mle walikuwa na nguvu za kusengenya.

Daktari Hasna akakataa. "Dawa hii inamlaza tu, baba, haimpumzishi. Ndiyo inayozidi kumchanganya. Naipunguza. Mama, kaa karibu, zungumza naye."

"Nizungumze naye nini? Hanijui!"

Hapo ndipo palipomuuma. Kufiwa alikwisha kujiandaa nako. Kuwa muuza dagaa kwa mume wake mwenyewe, hapana.

Mchana Romanus akaanza kuhangaika. Anavuta shuka, anaikunja, anailaza upande huu, kisha upande ule. Wendelin akakimbia kumwita nesi. Gertruda akaitazama ile mikono, akaitambua kazi yake.

"Baba Beata, miraba imetosha," alisema. "Toka, nifukie."

Romanus akasita. Akaiachia shuka, akajisogeza ukingoni kumpisha, akasinzia. Nesi alipofika hakukuta kazi.

Hakupona siku hiyo. Alilima tena na tena, na Gertruda akafukia kila mara, huku akilalamika kwamba mistari imepinda.

Asubuhi moja daktari akamwinamia. "Shikamoo, mzee. Huyu ni nani?"

Romanus alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Gertruda, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, alinyamaza.

"Si Mama Beata huyu," alisema Romanus. "Mbona umekonda hivyo? Watu watasema sikulishi."

Gertruda akalia kwa sauti kubwa, mpaka nesi akamwomba apunguze, kuna wagonjwa.