Mdaiwa Sugu wa Kasoli

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Mkoa wa Simiyu, wenye mikopo na wasio nayo, pamoja na mifugo yao, kwamba Mashimba Maduhu, mkulima wa pamba wa Kasoli, miaka hamsini na mbili, mume wa mke mmoja, Mkatoliki wa Pasaka na Krismasi, ni mdaiwa sugu. Taarifa hii haikupigiwa ngoma wala kubandikwa ofisi ya kata. Ilitoka kwenye kompyuta ya benki mjini Bariadi, siku ya Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, na mwenyewe alikuwa wa mwisho kujua.

"Mimi?" Mashimba akauliza.

"Wewe, mzee wangu," akasema Georgina, afisa mikopo aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba na ambaye bado alikuwa analilia ndizi. "Mkopo wa simu, elfu arobaini. Miezi kumi na moja hujalipa. Na riba na faini sasa ni elfu sitini na moja na mia tatu."

"Sijawahi kukopa kwenye simu."

"Wote husema hivyo."

Kumwambia Mashimba kwamba mambo yake yanajulikana ni sawa na kumvua shati mnadani. Huyu ni mtu aliyetawanya ng'ombe wake kwenye mazizi ya watu wanne, wengine wako hadi Mwamapalala, ili mgeni akipita nyumbani aone ndama wawili na kumhurumia. Hata Mektilda, mkewe aliyeishi naye miaka ishirini na minane, hajui hesabu kamili. Siku hiyo alimwacha nje kwenye kibaraza cha benki, asije akasikia tarakimu.

"Nani kawaambia?" akanong'ona, akitazama nyuma.

"Hakuna umbea hapa, mzee. Kila mwezi benki zinapeleka taarifa za wateja kwenye taasisi ya taarifa za mikopo. Nani kakopa, nani analipa, nani kaingia mitini. Ukija kuomba mkopo kwetu, tunawauliza wao."

"Na wao wananijua?"

"Kuliko mchungaji wako."

"Mimi ni Mkatoliki."

"Na hilo pengine wanalijua."

Angecheka, ila kulikuwa na trekta. Mzee Ladislaus, bwana kilimo mstaafu anayerudi kwao Ngara, alikuwa anauza Massey yake kuukuu, na Mashimba alishampa arubuni ya milioni mbili. Makubaliano yalikuwa mafupi: fedha iliyobaki iingie kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo trekta linakwenda kwa mtu wa Meatu na arubuni hairudi. Ijumaa yenyewe ndiyo hii. Mkopo ulikuwa tayari, umebaki tu kuidhinishwa, na mawingu ya mvua za kwanza yalishaanza kujikusanya upande wa ziwa.

"Nitalipa sasa hivi," akasema. "Namba gani hiyo?"

Georgina akaisoma. Ilipofika tarakimu tatu za mwisho, Mashimba aligeuka kuutazama mlango wa kibarazani. Aliijua. Miaka ile ya kusajili laini kwa alama za vidole, mashine ilikataa vidole vya bibi mmoja wa Ngulyati. Jembe lilikuwa limevisugua hadi vikawa laini kama kijiko. Mashimba akajitolea dole gumba lake, na laini ikasajiliwa kwa jina lake. Bibi huyo ni Specioza. Mama mkwe.

"Tatizo liko wapi?" akauliza Georgina. "Tuma hela kwenye hiyo laini, ulipe deni. Ila uniletee ujumbe wa kumaliza deni, na unakuja kwenye laini hiyohiyo. Ukiwa nao, nitawaomba waliokukopesha barua ya kuthibitisha kwamba umelipa. Bila barua, meneja hasaini."

Tatizo liko wapi! Mashimba hajawahi kumtazama mama mkwe usoni tangu alipotoa mahari. Hali chakula mbele yake, hampi mkono, hatamki jina lake. Sasa akamwambie, mama, nipe simu, wewe ndiye mdaiwa sugu? Afadhali kumwomba askofu noti zake za sadaka.

Akatoka kibarazani na kumweleza Mektilda kila kitu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Trekta?" Mektilda akasimama. "Unanunua trekta na mimi nimekaa hapa kama mzigo wa mchicha?"

"Utanigombeza kwenye pikipiki. Twende."

Akamgombeza kwenye pikipiki hadi Ngulyati. Dereva alifurahia kila neno.

Saa saba na robo Mashimba alikuwa amesimama nyuma ya jiko la mama mkwe, mgongo umeelekea ukuta, huku Mektilda ameingia ndani. Ukuta wa miti na udongo haufichi kitu.

"Mwangaluka, mayu."

"Asubuhi imeshapita, mwanangu. Na huyo anayekohoa huko nje ni nani?"

"Ni yeye, mayu. Anaulizia ule mkopo wa kwenye simu."

Kuku akapita, akamtazama Mashimba kwa dharau, akaenda zake.

"Mwambie," sauti ya bibi ikasema polepole, "hela nilikopa ya dawa ya pamba. Pamba ikauzwa, hela ikapatikana. Nikaenda kwa wakala, nikamwambia nalipa deni. Akaniambia, bibi, taja jina la mwenye laini. Nitalitajaje? Nikamwambia, ni la mkwe wangu. Akasema mkwe si jina. Watu kwenye foleni wakacheka. Nimekwenda mara tatu, mwanangu."

"Na walipokupigia kudai?"

"Kijana anauliza, 'Naongea na fulani?' Anataja jina zima, hadi la baba yake! Nikatupa simu chini. Kila siku analitaja. Nikaizima, nikaifungia sandukuni. Hela yao hii hapa, sijagusa hata mia."

Nje, Mashimba alifunga macho. Trekta la milioni ishirini na saba lilikuwa limekwama kwenye adabu.

Mektilda akatoka na simu iliyokufa chaji. Mashimba akachomoa laini, akaitia kwenye simu yake, akaitumia elfu sitini na tano kutoka laini yake. Ili kulipa deni, laini ya bibi ikadai namba ya siri.

"Mayu! Namba ya siri?" Mektilda akaita.

"Ng'ombe wa mahari yako! Andika mara mbili!" bibi akapaza sauti. "Kumi na nne, kumi na nne!"

Dereva wa pikipiki akapiga mluzi. Mashimba alitamani ardhi ipasuke, lakini akabonyeza. Saa nane na dakika ishirini ujumbe ukaingia: Ndugu MASHIMBA MADUHU, umemaliza deni lako.

Saa tisa kasoro dakika tano walikuwa benki. Georgina akaandika kuomba barua, kisha akapiga simu, akawekewa muziki. Saa tisa na nusu muziki bado. Simu ya Mashimba ikaita.

"Mashimba, ndugu yangu," akasema Mzee Ladislaus, "mtu wa Meatu yuko hapa. Kakalia usukani."

"Mshushe! Saa kumi bado!"

"Anauliza funguo."

Dakika ishirini kabla ya saa kumi barua haikuwa imefika. Dakika kumi na tano. Mektilda, ambaye safari hii hakuna aliyethubutu kumwacha nje, alikuwa anasali Salamu Maria kwa sauti. Zikiwa zimebaki dakika kumi na moja, kompyuta ikalia. Georgina akachapa barua, akakimbia nayo kwa meneja, akarudi na saini na karatasi moja ndefu. Akaketi, akanyoosha mgongo kama msoma Injili.

"Mzee Mashimba. Kwa mujibu wa sheria ni lazima nikueleze na unielewe. Kuanzia leo benki hii itapeleka taarifa zako zote za mkopo kwenye taasisi ya taarifa za mikopo, kila mwezi: kiasi ulichokopa, dhamana uliyoweka, siku uliyolipa na siku uliyochelewa. Benki yoyote nchini utakayoiomba mkopo itaweza kuziona. Hili ni jambo zito, linahusu faragha yako, nawe una haki ya kufikiri, kuuliza na kushauriana na familia. Je, una neno?"

"Nisaini wapi?"