Sauti ya Yeyo Kwenye Spika

Naserian, muuza maziwa wa Kitengela, si mtu wa kuamini watu ovyo. Lakini kwa Daktari Shirleen aliingia mzima mzima. Nani angemshuku? Mpangaji wa ploti ya jirani, mpole, akija kunywa chai anamwinamishia yeyo kichwa aguswe utosini, kama mtoto wa pale nyumbani.

Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, ndiye aliyemzaa Naserian. Alikuwa amesahau chumvi, amesahau mlango, siku zingine hata Naserian mwenyewe. Ila mwanawe aliyefariki hakumsahau. Kwao Wamaasai jina la marehemu halitajwi, na miaka yote yeyo alilifungia kifuani. Sasa ugonjwa umemfungua mdomo. Kila jioni anaita, "Lemein, rudisha ndama," na Naserian anakimbilia kufunga dirisha.

Shirleen aliposikia, akasema hiyo ndiyo sauti wanayotafuta. Yeye na wenzake wa ng'ambo walikuwa wakifundisha kompyuta kutambua ugonjwa wa kusahau mapema, kwa kusikiliza wazee wakiongea Kimaasai.

"Tutasikia sisi madaktari tu, dada," aliahidi. "Na hilo jina tutalifuta."

Naserian akakubali. Akashika simu yeye mwenyewe, karibu na mdomo wa mama yake.

Mradi ukazinduliwa Kajiado. Hema, viti vya plastiki, wageni, wazee wa ukoo mbele, na yeyo kati yao na shuka mpya. Shirleen akasifu ushirikiano, weee, akausifu, kisha akabonyeza kitu. Spika zikaita: "Lemein, rudisha ndama. Lemein."

Wazee wakainamisha vichwa. Wageni wakapiga makofi. Makofi, jamani! Naserian alimtafuta Shirleen kwa macho, naye Shirleen akajifanya kusoma karatasi.

Yeyo alikuwa amesimama, uso umechangamka. "Kumbe ako hapa?" akauliza. Akapita katikati ya viti akiwachungulia vijana usoni, mmoja mmoja, mpaka Naserian akamshika mkono.

Shirleen aliwafuata hadi kwenye gari. "Pole, dada. Tulikuwa na zingine, lakini hiyo ndiyo ilisikika vizuri."

Naserian akampandisha yeyo garini. Alikuwa na uchungu, na zaidi ya uchungu, aibu ya kushika ile simu.

Jioni hiyo Kitengela yeyo hakumwita mtu. Alikataa kuingia ndani, akakaa mlangoni akitazama barabara.

"Twende ulale, yeyo."

"Wameshamwita," mama akasema. "Sasa tumngoje."

Naserian akavuta kiti, akaketi kando yake.