Sindano Isiyouma

Mpaka leo nikipita soko la Kabati natema mate, na sijali nani ananiona.

Mama yangu alikwama bega la kulia. Mkono ulikataa kupita kifua. Hakuweza kubeba mtungi wala kusuka kiondo, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kuoga bila mtu. Mimi nilikuwa nimeolewa Kambu, ikabidi nirudi kwetu Kitui kumwogesha. Alikuwa akilia kwa aibu nikimsugua mgongo. Alitaka kitu kimoja tu, ajioshe mwenyewe. Kliniki za mjini zilimdunga matako mpaka yakawa magumu, bega likabaki vile vile.

Ndipo tukasikia kwamba mjini kuna mama Mjapani, mgeni wa kujitolea aliyepewa chumba nyuma ya kanisa, anatibu kwa sindano za kwao. Miaka hiyo ya themanini neno sindano lilitosha. Tulikuta benchi limejaa, watu wamekwisha kukunja mikono ya mashati kabla hawajaitwa.

Yule Mjapani hakumdunga mama mara moja. Alimwambia atoe ulimi, akautazama. Akashika mapigo kwenye mikono yote miwili, muda mrefu, amefumba macho. Akambonyeza tumbo polepole, hapa na pale, akiuliza, "Hapa? Hapa?" Kisha akashika miguu. Miguu ya mama ilikuwa na nyufa na vumbi la njia nzima, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yule mgeni aliifuta kwa kitambaa bila kukunja uso. Sindano zake zilikuwa nyembamba kama unywele. Aliiweka moja ndani ya kijibomba cha plastiki, akaigonga kwa kidole, ikaingia kidogo tu. Nyingine aliichoma mguuni, na bega ndilo bovu! Mwisho akaweka juu ya ngozi majani makavu yaliyosagwa, kiasi cha punje ya mchele, akayawasha na kuyaondoa kabla hayajaunguza. Mzee wa kanisa alisikia moshi akaja kuchungulia, akidhani ni bangi.

"Leo pumzika, mama," alisema Mjapani. "Kesho labda uchovu, labda uchungu kidogo. Si mbaya. Rudi wiki ijayo. Polepole."

Mama alinuna njia nzima. "Hiyo si sindano. Dawa ilikuwa wapi? Huyo amenipapasa tu."

Hata hivyo tulirudi, tukarudi tena, na mkono ukaanza kupanda. Siku ulipofika sikioni nilipiga vigelegele jikoni peke yangu. Mama alisema bega limechoka kuuma lenyewe. Kitu kisichomliza, kwake, hakikuwa kimemtibu. Watu wa benchi nao walinung'unika hivyo hivyo. Walitaka kuumia, na waliondoka kama watu waliopunjwa.

Nilirudi Kambu kuwaona watoto wangu. Huku nyuma mjomba akampeleka mama Kabati, kwa mwanamume aliyewahi kufagia chumba cha yule Mjapani na ambaye sasa alijiita daktari wa sindano za Japani. Niliporudi nilikuta bega limevimba, linang'aa na kunuka. Nililigusa tu, usaha wa rangi ya majani ukaniruka mkononi. Nilitoka nje nikatapika.

Nilimfuata daktari huyo huko Kabati. Alikuwa amekaa nyuma ya duka la mahindi na kopo la sindano nene, zile za hospitali, zilizokwisha kutumika, alizookota kwenye shimo la taka. Alichomoa moja kwenye goti la mzee, akaipangusa kwenye suruali, akailowesha kwa mate yake, akamdunga mwanamke aliyefuata mpaka akapiga nduru. Waliokuwa wakingoja wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Na redioni tulikuwa tumekwisha kuonywa juu ya ugonjwa unaopita kwa damu! Nilimwita muuaji mbele ya wote. Mama mmoja akanivuta nguo.

"Wewe, ngoja laini kama sisi wengine."

Hospitalini walipasua bega wakatoa uozo. Lilipopona nilimrudisha kwa Mjapani. Alilipapasa kovu kwa muda mrefu, kisha akasema angeweza kupunguza maumivu, lakini mkono hautapanda tena. Haukupanda. Niliendelea kumwogesha mama, na hasira yangu yote ikaishia kwenye sabuni.

Siku moja jirani alikuja kumwona, mwenyewe akichechemea kwa nyonga.

"Nasikia ulitibiwa na zile sindano za Japani," alimwambia mama. "Zinasaidia?"

"Huyo Mjapani ni bure," mama alisema. "Yule wa Kabati ndiye anajua kazi. Alinidunga nikasikia mpaka kwa mfupa."

"Na anakaa upande gani?"

Mama akainua mkono wa kushoto, maana wa kulia haukuinuka, akamwelekeza njia.