Nilimpa Muzee Ndoto Asiyoiota

Kosa ni langu, na sitafuti mutu wa kunisaidia kulibeba. Jina silitoi, maana Goma ni ndogo na mtaa wetu una masikio mengi kuliko nyumba. Jueni tu kwamba nilimaliza masomo ya jioni kule misioni, nikapewa karatasi yenye muhuri, na tangu siku ile nikaamini kwamba Kifaransa kilizaliwa nyumbani kwetu.

Karatasi ile ndiyo iliyonipeleka kwa Bwana Ndoto. Ndivyo tulivyomwita. Alikuwa mtaalamu wa mambo ya akili kutoka Ulaya, kijana bado, aliyekuja kuchunguza ndoto zetu ili akirudi kwao wamfanye profesa. Si mganga, si padri, dawa hana. Anauliza tu: "Umeota nini?" Ukimjibu, anakupa kikombe cha chumvi. Kwa sababu ya chumvi ile, kijiji kizima cha Munigi kilianza kulala hata mchana.

Mimi nilitafsiri na kuandika. Nilivaa tai. Mbuzi wenyewe walikuwa wananipisha njiani.

Kuna jambo Bwana Ndoto hakulijua, nami sikumwambia. Kwetu ndoto mbaya haisimuliwi kwa mgeni. Unaisema nyumbani asubuhi, unatema mate inje, imekwisha. Mgeni unampa zile zinazobaki: viazi, maharagwe, shemeji amekuja na mbuzi. Kwa hiyo kaye yake, lile daftari la ndoto, ilijaa viazi. Miezi mitatu, viazi.

Siku moja akaacha barua mezani, nikaisoma. Hilo nalo ni kosa, liwekeni pamoja na mengine. Alimwandikia mkubwa wake huko Ulaya kwamba watu wa hapa wanalala tu, ndani ya kichwa hamna kitu. Iliniuma. Mimi, na muhuri wangu, nisiwe na kitu kichwani? Ningemweleza ile desturi yetu, mambo yangeishia hapo. Nikachukua kalamu.

Tangu hapo watu wa Goma waliota kama wafalme. Mama muuza ndizi aliota amezaa milima pacha. Katekista alimezwa na kiboko, akakuta kanisa ndani ya tumbo, na ndani ya kanisa padri anavuta sigara. Bwana Ndoto alisahau kula. "Mlima ni baba," ananiambia, macho yanang'aa. "Kiboko ni mama." Nilikuwa naitikia tu. Akiamua kiboko ni mama, mimi ni nani wa kumtetea kiboko?

Sasa Muzee. Ni mutu wa Kibati, baba ya binti nitakayemwita Veneranda, ingawa si jina lake. Tulikuwa tumepeleka kwao kasiksi ya kwanza, ile pombe ya ndizi ya kubisha hodi, naye akainywa. Mlango ulikuwa wazi. Nikampeleka Bwana Ndoto kwake, Muzee aone mkwe anayekuja ni mutu wa namna gani.

"Niliota ng'ombe yangu imekula viazi vya jirani," Muzee akasema. "Nikaamka, nikaenda kuangalia. Imekula kweli."

Akapokea chumvi yake.

Baba mkwe wangu na ndoto fupi hivyo? Niliona haya. Usiku huohuo nikamwandikia nyingine: mlima wa moto umefunguka, ng'ombe mwekundu ametoka humo, anawafukuza Wazungu wote mpaka ndani ya ziwa, na kofia zao zinaelea juu ya maji. Zile kofia nilizipenda sana.

Bwana Ndoto naye alizipenda, hata akaisoma ndoto nzima kwa sauti mezani kwa bwana mukubwa wa teritwari, Mzungu aliyetawala wilaya yetu. Yule hakucheka. Siku zile Leta, yaani serikali ya Wazungu, iliogopa dini za siri zinazotabiri mwisho wao kuliko mlima wenyewe. Kesho yake polisi walikuwa Kibati.

Nikaitwa biro ya bwana mukubwa kutafsiri, maana Muzee anasema Kinyarwanda tu. Bwana mukubwa amekaa, Bwana Ndoto pembeni na kaye yake, Muzee amesimama, ameshika kofia mkononi. Nikamsomea ile ndoto. Akanitazama, si kwa hasira. Kama mutu anayetazama jino lake lililong'oka.

"Mwambie niliota ng'ombe na viazi. Wewe ulikuwepo."

Nami, mwanaume mzima mwenye muhuri, nikageuka nikasema: "Anasema hakumbuki."

"Asiyekumbuka tutampeleka mbali na kwao," akajibu bwana mukubwa. "Huko atapata miaka ya kukumbuka."

"Amesema nini?" Muzee akauliza.

Sikuweza kulitafsiri neno lile. Nikapiga magoti kwanza, mdomo ukafuata. Nikasema yote: ndoto ni yangu, ng'ombe mwekundu ni wangu, kofia ni zangu.

Bwana Ndoto akaruka kitini. "Uongo! Anamwogopa mzee. Ndoto nzito hivi haiwezi kutungwa na karani wa masomo ya jioni!"

Bwana mukubwa akanigeukia. "Basi tunga nyingine. Hapahapa."

Nikafumba macho. Nikasema naona chui amevaa miwani, anapima maharagwe sokoni Kalengera, na kila anayelalamika kipimo anageuka kuwa kuku, na wale kuku wanaunda kwaya. Bwana mukubwa alicheka mpaka kiko kikamdondoka. Akamwachilia Muzee. Mimi nikafukuzwa kazi palepale. Nilipogeuka kutoka, nikamwona Bwana Ndoto ameinama, anaandika habari za chui.

Nilimfuata Muzee njia nzima mpaka karibu na Kibati.

"Muzee, unisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini watu wetu wanasema nimempa mgeni ndoto mbaya, mimi na mvi zangu. Hiyo utaifuta na nini?"



"Na Veneranda, Muzee?"

"Utamuoa siku nitakapokuota umekuwa bwana arusi."

"Labda leo, Muzee."

"Mimi naotaga ng'ombe tu, mwanangu."

Kila Jumapili baada ya misa nilimuuliza. "Umelalaje, Muzee?" "Vizuri." Mwisho akaja mchuuzi mmoja wa Butembo, mutu wa maneno machache, akapewa Veneranda. Nilithubutu kuuliza: "Na huyu ulimuota?" Muzee akasema: "Huyu sikuhitaji kumuota."

Bwana Ndoto sasa ni profesa kwao. Padri mmoja alinionyesha kitabu chake, kinene kama tofali. Chui yumo, kiboko yumo, muzee wa Kibati na kofia zake yumo. Kiazi hata kimoja hakuna.

Ninyi munaoshika kalamu kwa ajili ya wengine, nawaomba: mutu akikwambia ng'ombe imekula viazi, andika ng'ombe, andika viazi, funga kaye, rudi nyumbani. Usimwongezee hata mkia.

Mimi bado naota. Mara nyingi ni arusi moja, na bwana arusi si mimi. Zaidi ya hapo sitawasimulia. Ninyi ni wageni.